Kanuni ya Rao na Blackwell, na Swali la Mjomba



Kila mwaka yanapotoka matokeo ya kidato cha sita, nyumba nyingi za mjini huingia katika mjadala mmoja. Kijana akisema anakwenda kusomea udaktari, ni shangwe. Akisema sheria au uhandisi, mama anawapigia simu ndugu zake wote. Lakini akisema amechaguliwa kusoma hisabati tumizi na takwimu, kimya kidogo kinapita sebuleni, kisha mjomba anauliza: "Sasa huko ukimaliza utakuwa nani? Utakaa unahesabu nini?"

Swali la mjomba si la kijinga, na wiki hii nataka kulijibu kwa njia ya historia. Mimi si mwanahisabati. Nina diploma ya uandishi wa habari, na kazi yangu kwa miaka mingi imekuwa kusoma tarakimu za watu wengine mbele ya maikrofoni: bei zimepanda kwa asilimia kadhaa, watoto kadhaa wamechanjwa, mavuno ya mahindi yamepungua. Kwa sababu hiyo hasa nimekuwa na hamu ya kujua tarakimu hizo hupikwa katika jiko gani, na wapishi wake walifunzwa wapi na nani.

Kuhesabu watu na mali ni jambo la kale. Roma ya zamani iliwahesabu raia wake ili ijue nani atalipa kodi na nani ataingia jeshini. Lakini takwimu kama somo la chuo kikuu, lenye idara yake na profesa wake, ni mambo ya juzi tu. Mwaka 1911 chuo cha University College London kilifungua idara ya takwimu tumizi chini ya Karl Pearson, na hiyo ndiyo huhesabiwa kuwa idara ya kwanza ya takwimu katika chuo kikuu chochote duniani. Kiti cha uprofesa alichokalia Pearson kiligharimiwa na wasia wa Francis Galton, aliyefariki mwaka huo huo.

Hapa ndipo habari inapotugusa, tena vibaya. Galton alikuwa na akili kali. Alisafiri katika nchi ambayo leo ni Namibia kati ya mwaka 1850 na 1852, na baadaye ndiye aliyeonyesha namna ya kupima kwa hesabu uhusiano wa vitu viwili, kama vile urefu wa baba na urefu wa mwanawe. Lakini ni yeye huyo aliyeandika kitabu mwaka 1869, Hereditary Genius, akawapanga wanadamu kwa madaraja ya akili kama mtu anayepanga mayai ya kuuza, na Mwafrika akamweka madaraja mawili chini ya Mwingereza. Mwaka 1883 akabuni jina la yujeniki, yaani fikra kwamba binadamu aboreshwe kama ng'ombe wa maziwa, kwa kuamua nani azae na nani asizae.

Pearson alifuata njia hiyo hiyo. Mwaka 1925 yeye na mwenzake walianza kutoa matokeo ya uchunguzi wao juu ya watoto wa Kiyahudi waliohamia London, na kwa tarakimu nyingi na majedwali marefu wakahitimisha kwamba uhamiaji huo haukufaa. Ilichukua karibu karne nzima hata chuo chao, mwezi Juni 2020, kikaondoa majina ya Galton na Pearson kwenye kumbi na jengo.

Nayasema haya mapema kwa sababu wapo watakaoniambia: kama elimu yenyewe ilianzia huko, yatuhusu nini? Jibu langu ni hili. Mizani ya dukani haina dhambi. Mwenye dhambi ni yule anayeweka kidole juu ya sahani. Hesabu za Galton na Pearson nyingi zingali zinatumika hadi leo kwa sababu ni sahihi. Kilichoharibika ni kile walichokwenda nacho mbele ya mizani. Na kidole juu ya sahani hakionwi na mtu asiyejua mizani. Huonwa na fundi mwenzake.

Sasa twende Calcutta. Mwaka 1913 kijana wa Kibengali, Prasanta Chandra Mahalanobis, alikwenda Cambridge, Uingereza, akasoma hisabati na fizikia. Mwaka 1915, alipokuwa akijitayarisha kurudi nyumbani, mwalimu wake alimwonyesha jarida liitwalo Biometrika, ambalo Pearson na Galton walikuwa miongoni mwa waanzilishi wake mwaka 1901. Mahalanobis akanunua matoleo yake yote, akayasoma melini akirudi India. Akafika Calcutta akiwa mwalimu wa fizikia kwa cheo, lakini moyoni tayari ni mtu wa takwimu.

Fikiria jambo hilo. Jarida lililoanzishwa na watu waliowadharau weusi na Wahindi linasomwa na Mhindi juu ya maji, naye analigeuza kuwa chombo cha watu wake. Mwezi Desemba 1931 Mahalanobis na wenzake walianzisha Taasisi ya Takwimu ya India. Miaka iliyofuata waliingia mashamba ya juti, zao la nyuzi za magunia, na badala ya kukagua kila shamba la Bengal wakachagua vipande vichache kwa bahati nasibu, wakavipima kwa uangalifu, wakakadiria jimbo zima. Gharama ilikuwa ndogo sana ikilinganishwa na kuhesabu kila shamba. Mwaka 1941 Chuo Kikuu cha Calcutta kikafungua masomo ya shahada ya uzamili katika takwimu, wakati ambapo somo hilo lilikuwa bado nadra hata katika nchi tajiri.

Miongoni mwa wanafunzi wa kwanza alikuwa kijana aitwaye Calyampudi Radhakrishna Rao, mtoto wa nane katika familia ya watoto kumi. Alikuwa amekwisha kupata shahada ya hisabati, na alifika Calcutta kutafuta kazi katika kitengo cha upimaji cha jeshi. Kazi hakuipata. Katika kuhangaika ndipo akasikia habari za taasisi ya Mahalanobis, akajiunga nayo mwezi Januari 1941. Ingekuwa hapa kwetu, mjomba angesema: "Basi kaishia huko kwa sababu ya kukosa kazi."

Muda si mrefu Rao akawa anafundisha. Siku moja darasani aliwaeleza wanafunzi kanuni ya Mwingereza R. A. Fisher, iliyokuwa sahihi pale tu sampuli inapokuwa kubwa mno. Mwanafunzi mmoja, Dandekar, ambaye baadaye alikuja kuwa mchumi mashuhuri, akauliza: na sampuli ikiwa ndogo je? Rao akaenda nalo nyumbani, na usiku ule ule akalitafuta jibu akalipata. Mwaka 1945 akachapisha makala yake katika jarida la hisabati la Calcutta. Alikuwa bado hajatimiza miaka 25, India ingali koloni, na makala ile ikabeba mambo mawili ambayo hadi leo hakuna anayesomea takwimu kwa shahada akayakwepa.

Kabla sijaendelea naye, nisimulie kisa cha chumvi, ambacho Rao mwenyewe alikiandika katika kitabu chake kiitwacho Statistics and Truth.

Mwaka 1947 India iligawanywa na Pakistan ikazaliwa. Ghasia zikazuka, na watu wengi wakakimbilia ndani ya Ngome Nyekundu ya Delhi kuokoa maisha. Serikali ikawapa wazabuni kazi ya kuwalisha. Hakuna aliyejua waliomo ni wangapi, kwa hiyo serikali ililipa kila hati ya madai iliyoletwa na mzabuni: mchele kiasi hiki, dengu kiasi hiki, chumvi kiasi hiki. Fedha zikawa zinatoka kwa kasi ya kutisha. Wataalamu wa takwimu wakaombwa wakadirie idadi ya watu, bila ya nafasi ya kuingia ndani na kuhesabu.

Walichofanya ni kuzichukua zile hati za wazabuni wenyewe. Wakachukua mchele wote uliodaiwa, wakaugawa kwa kiasi anachokula mtu mmoja kwa siku, wakapata idadi fulani ya watu. Wakafanya hivyo kwa dengu, kisha kwa chumvi. Majibu hayakulingana. Mchele ulitoa watu wengi zaidi. Chumvi ilitoa wachache zaidi. Wakaamua kuiamini chumvi.

Kwa nini? Kwanza, kiasi cha chumvi anachotumia mtu hakitofautiani sana kati ya mtu na mtu. Pili, chumvi ilikuwa rahisi mno kwa bei. Mzabuni mwenye tamaa ataongeza magunia ya mchele kwenye karatasi kwa sababu mchele una faida, lakini hatajisumbua kuongeza chumvi. Kwa maneno mengine, mahali pasipo na faida ya kusema uongo, ukweli huwa umekaa pale pale ulipoachwa. Njia hiyo ilijaribiwa baadaye mahali pengine ambako idadi ya watu ilijulikana, ikaonekana inafaa.

Mjomba akiuliza chuo kikuu kinafundisha nini katika takwimu, hapo pana sehemu kubwa ya jibu. Kujumlisha na kugawanya tulifundishwa shule ya msingi. Kule wanafundishwa kujua ni hesabu ipi ya kuamini, na kwa nini.

Sasa tuvuke bahari hadi Marekani. Mwaka 1919, katika mji mdogo wa Centralia, jimbo la Illinois, alizaliwa mtoto mweusi aitwaye David Blackwell. Baba yake alifanya kazi katika shirika la reli. Blackwell aliingia Chuo Kikuu cha Illinois mwaka 1935 akiwa na miaka 16, na nia yake ilikuwa kuwa mwalimu wa shule ya msingi. Baada ya mwaka wa kwanza akagundua kwamba baba yake anakopa ili kumlipia masomo. Akaamua kujilipia mwenyewe: akaosha vyombo, akahudumia mezani, akasafisha vifaa vya maabara. Mwaka 1941, akiwa na miaka 22, akawa daktari wa falsafa katika hisabati.

Mwaka huo huo akapata nafasi ya utafiti katika taasisi mashuhuri ya Princeton, alikokuwa Albert Einstein. Ilikuwa desturi kwa watafiti wa taasisi hiyo kupewa pia heshima ya uanachama katika Chuo Kikuu cha Princeton, jirani yake. Chuo hicho kilikuwa hakijapata kuwa na mwalimu mweusi, na mkuu wake akalalamika. Mwaka 1942 akafanyiwa usaili na Jerzy Neyman wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, aliyependa sana kumwajiri. Haikuwezekana. Miaka mingi baadaye ilifahamika kwamba mke wa mkuu wa idara alikataa, kwa kuwa walikuwa na desturi ya kuwaalika walimu nyumbani kwa chakula, na yeye hakutaka mtu mweusi aingie kwake.

Blackwell hakukaa akilia. Alijua vyuo vya wazungu havitampokea, akaandika barua kwa vyuo vya watu weusi zaidi ya mia moja. Akapata majibu matatu. Akafundisha Louisiana, kisha Georgia, na mwaka 1944 akafika Chuo Kikuu cha Howard, Washington, ambako mwaka 1947 alikuwa tayari mkuu wa idara ya hisabati. Wakati huo alikuwa na mzigo mzito wa vipindi, lakini aliendelea kuhudhuria mihadhara mjini. Katika mhadhara mmoja wa mtakwimu Abe Girshick akavutwa na somo hili la kufanya uamuzi kwa kutumia ushahidi usiokamilika. Mwaka 1947 akachapisha makala iliyofikia, kwa njia yake mwenyewe, jambo lile lile alilokuwa amelifikia Rao kule Calcutta miaka miwili kabla. Ndiyo sababu leo vitabu vyote vinaiita kanuni ya Rao na Blackwell.

Acha nijaribu kuieleza kwa machungwa. Lori limefika Kariakoo kutoka Muheza, na wewe unataka kujua ni sehemu gani ya mzigo imeoza. Unachomoa machungwa 20 bila kuchagua. Mtu mmoja mwenye haraka analitazama lile la kwanza tu: likiwa bovu, anasema lori lote ni bovu, likiwa zima, anasema mzigo wote ni safi. Ajabu ni kwamba, akirudia mchezo huo mara nyingi sana, wastani wa majibu yake utakuwa sahihi. Lakini kila jibu moja moja ni upuuzi. Sasa mwulize: katika yale 20, mabovu yalikuwa mangapi? Anasema matatu. Basi lile la kwanza lingeweza kuwa lolote kati ya yale 20, kwa sababu lipi lilitangulia kutoka si habari ya maana. Ukichukua wastani wa njia zote hizo, unapata 3 katika 20, yaani asilimia 15. Kadirio la kipuuzi limegeuka kadirio la busara, na wala hukununua hata chungwa moja la ziada.

Rao na Blackwell walithibitisha kwamba hili si bahati ya machungwa. Kadirio lolote ulilo nalo, ukilipitisha katika habari yote ambayo sampuli yako inayo juu ya jambo unalolitafuta, halitakuwa baya zaidi, na mara nyingi litakuwa bora. Mtu aliyeibiwa simu mara moja sokoni akatangaza kwamba soko zima ni pango la wezi, ameliangalia chungwa la kwanza tu. Nasi waandishi wa habari tunajua jinsi chungwa la kwanza linavyouza gazeti.

Wawili hawa walifika mbali. Rao alikwenda Cambridge mwaka 1946, akapewa kazi ya kuchambua vipimo vya mifupa ya watu wa kale iliyofukuliwa Jebel Moya, nchini Sudan, na huko akapata udaktari wake chini ya Fisher mwaka 1948. Mwaka 2023 alipewa tuzo ya kimataifa ya takwimu akiwa na miaka 102, akafariki mwezi Agosti mwaka huo. Blackwell aliitwa Berkeley mwaka 1954, chuo kile kile kilichomfungia mlango. Akawa profesa wa kwanza mweusi wa kudumu pale, akaongoza idara ya takwimu, na mwaka 1965 akawa mweusi wa kwanza kuchaguliwa katika Chuo cha Taifa cha Sayansi cha Marekani. Alifariki mwaka 2010. Mwaka 2018 Berkeley ikafungua bweni lenye jina lake, na mwaka 2024 kampuni ya Nvidia ikaziita kwa jina hilo chipu zake za kuendeshea akili mnemba. Kwa hiyo jina la mtoto wa mfanyakazi wa reli limo ndani ya mashine zinazozungumzwa leo kila kijiwe.

Na sisi je? Waingereza walipoihesabu Tanganyika mwaka 1948 na 1957, Waafrika walihesabiwa katika zoezi lao na wasio Waafrika katika lao. Kila aliyehesabu alikuja na maswali yake. Sensa ya kwanza baada ya uhuru na muungano ilifanyika Agosti 1967, ikatupata watu milioni 12.3. Sensa ya mwaka 2022 ilitupata watu 61,741,120. Tumekuwa mara tano katika miaka 55, na kila darasa, kisima na zahanati tunayodai inaanzia kwenye hesabu hiyo. Wahenga walisema mali bila daftari huisha bila habari. Nadhani hata watu bila daftari huishi bila habari.

Daftari hilo lilihitaji wenye kuliandika. Kituo cha kufundisha watakwimu wa nchi za Afrika zinazotumia Kiingereza kilianzishwa hapa Dar es Salaam mwaka 1961, na kipo hadi leo Changanyikeni, kikitoa shahada. Makerere, Uganda, ikapata Taasisi ya Takwimu na Uchumi Tumizi mwaka 1969, kwa msaada wa Umoja wa Mataifa, nayo ikapokea wanafunzi kutoka nchi nyingi za bara hili. Wengi wa waliopita humo majina yao hayasikiki redioni. Husikika tarakimu zao tu.

Basi kijana aliyechaguliwa kusoma hisabati tumizi na takwimu anaingia katika ukoo huu. Atakutana darasani na Galton na Pearson, naye anapaswa kujua walikuwa nani, pamoja na ubaya wao. Kisha atakutana na Rao na Blackwell, Mhindi wa koloni na Mmarekani mweusi, waliokuwa mbali kwa maelfu ya maili, wote wawili wa jamii ambazo Galton aliziona duni, na majina yao yameunganishwa katika kanuni moja ambayo hakuna mtu wa rangi yoyote awezaye kuipinga. Galton aliuliza kama watu wa aina hiyo wana akili ya kutosha. Jibu analo mwanafunzi wake mwenyewe, katika kitabu cha mwaka wa tatu.

Mjomba aliuliza huyu kijana atakuwa nani. Huenda atakaa Ofisi ya Taifa ya Takwimu akipima bei za unga na mafuta ya taa. Huenda atakuwa benki, hospitalini, au katika mradi wa kilimo akichagua mashamba ya kupima. Popote atakapokuwa, akiletewa hati ya magunia ya mchele, nchi itahitaji awe mtu wa kuuliza: na chumvi je, ilikuwa kiasi gani?

Mpelekeni chuo. Hadi wiki ijayo, kwaherini.